Nilivyoiachia kompyuta initafutie namba

Msimu wa korosho uliopita, karani wa chama cha msingi kimoja huko Tandahimba alinipigia saa saba mchana. "Mwanangu, hii programu yako inakula chaji kama mchwa. Magunia yamejaa uwanjani, mimi narudi kwenye daftari."

Programu yenyewe ni ndogo, ya simu: inaandika uzito wa kila mkulima kwenye mzani, kisha inautuma kwenye seva, kompyuta kuu inayokusanya rekodi zote. Ila ina namba sita za kupanga, kama vile itume kila baada ya muda gani, ibebe rekodi ngapi kwa mkupuo, na mtandao ukikata irudie mara ngapi. Kila namba ukiipa thamani 10 tu, tayari una michanganyiko 1,000,000. Nilikesha nikibahatisha chumbani kwangu Mtwara mjini. Nikitengeneza hapa, kunaharibika pale.

Ndipo nikajaribu algorithimu ya kijenetiki, ile aliyoieleza Mmarekani John Holland mwaka 1975. Unaanza na kundi la mipangilio ya kubahatisha, unaipima yote, iliyofanya vizuri unaichanganya izae mingine, na hapa na pale unageuza namba moja. Kupima kwenye simu halisi ningezeeka, kwa hiyo niliandika kiigizo, yaani programu inayoiga kwenye kompyuta siku nne za mzani ule, na dakika zote mtandao ulipokatika. Kiigizo kilijua pia kwamba simu ikishatuma, redio yake, ile sehemu inayowasiliana na mnara, hubaki macho sekunde kadhaa kabla ya kulala. Hapo ndipo chaji inapoliwa.

Asubuhi nikakuta mshindi asiyegusa betri kabisa. Nikashangilia, kisha nikamtazama vizuri: hatumi chochote mpaka kesho yake! Kosa langu. Niliiambia kompyuta ipunguze matumizi ya chaji, sikuiambia kwamba uzito lazima ufike.

Nikaongeza kipimo cha pili, dakika za kuchelewa. Sasa mshindi hakuwa mmoja. Ilibaki mipangilio kadhaa ambayo ukiongeza upande huu unaumiza ule. Nikampelekea karani mitatu achague. Mimi ningechukua ule wa kuchelewa dakika mbili. Yeye akachukua wa robo saa: "Katibu anaangalia jumla jioni, haraka ya nini?"

Simu yake sasa inafika jioni. Namba zilezile nilipozipeleka Nachingwea zikagoma, maana mtandao wa huko unakatika kwa mtindo mwingine. Nimeomba kumbukumbu za mzani wao, leo usiku naanza upya.