Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchapa Mistari ya Fedha Juu ya Seli za Sola

Saa mbili asubuhi. Kazi yangu katika maabara hii ya Berlin huanzia kwenye friji. Natoa kopo la pesti ya fedha, yaani uji mzito wenye chembe za madini ya fedha, na kuliacha mezani likiwa limefungwa hadi lifikie joto la chumba, kwa kuwa likifunguliwa lingali baridi huvuta unyevu wa hewani. Kisha naikoroga taratibu, maana chembe za fedha hutuama chini.

Saa tatu. Seli zetu ni za tabaka jembamba: juu ya kioo kuna molibdeni, kisha tabaka la shaba, indiamu, galiamu na seleniamu lenye unene wa mikromita 2 hivi, na juu kabisa oksidi ya zinki inayopitisha mwanga. Oksidi hiyo hupitisha umeme pia, ila haiwezi kuusafirisha mbali bila hasara, ndiyo sababu tunachapa juu yake mistari ya fedha ya kuukusanya.

Saa nne. Kanuni ni ileile ya wachapaji wa fulana Kariakoo: wavu ulioziba kila mahali isipokuwa penye mchoro, na mpira unaosukuma pesti ipite. Wavu hukaa juu kidogo ya seli, nao sharti uachane nayo mara tu mpira unapopita. Naanza na vioo vya majaribio, kwani seli kamili ni jasho la wenzangu.

Saa sita, hadubini. Mchoro una upana wa mikromita 80, lakini mstari umetambaa hadi 100, na kingo zake zina mawimbi pale nyuzi za wavu zinapopishana. Mistari ikiachana kwa milimita 2, upana wa mikromita 80 ungeziba asilimia 4 ya mwanga. Huu wa 100 unaziba asilimia 5. Wapo wanaoiona tofauti hiyo ndogo. Mimi naona ni aibu kupoteza kwenye uchapaji kile ambacho wenzetu wamekihangaikia kwa miezi kwenye matabaka ya chini.

Saa nane, oveni. Seli za kawaida za silikoni huchomwa kwa zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, fedha ikashikamana barabara. Zetu zikivuka nyuzi 200 hivi, mpaka kati ya matabaka huharibika, kwa hiyo pesti yetu ina gundi inayokauka kwa nyuzi 150 ndani ya nusu saa. Hasara yake ni kwamba chembe hugusana tu bila kuungana, na ukinzani wa mstari huwa mara kadhaa ya ule wa fedha tupu.

Saa kumi, napima seli chini ya taa inayoiga jua, ya wati 1000 kwa mita ya mraba. Mkondo ni mzuri, ila grafu ya mkondo dhidi ya volti inalala mapema kuliko inavyopaswa, dalili ya ukinzani uliozidi. Nashuku mahali fedha inapogusana na oksidi kuliko mstari wenyewe, kwa hiyo kesho nitachapa vipande vilivyoachana kwa umbali tofauti tofauti ili kuzitenganisha hasara hizo mbili. Kabla ya kuondoka nakwangua pesti iliyosalia na kuosha wavu, maana ikikaukia humo, wavu hautafaa tena.