Mwongozo wa baiskeli, wiki ya sita: yaliyomo

Jumamosi asubuhi

Maandishi yamefika kurasa 143. Ni mwongozo wa kutengeneza baiskeli ambao nimekuwa nikiuandika kipande kipande, kila nilipofungua kitu na kufanikiwa kukifunga tena. Yaliyomo nilikuwa nayaandika kwa mkono: jina la sura, nukta nyingi hadi ukingo wa kulia, kisha namba ya ukurasa. Jana usiku niliongeza picha mbili kwenye sura ya breki, na kila kitu kilichofuata kikasogea. Namba 61 za kusahihisha. Nikazima kompyuta nikalale.

Leo nimeamua programu iyaandike yenyewe. Natumia LibreOffice Writer. Nikaingia kwenye menyu ya kuingiza, nikachagua jedwali la yaliyomo, nikakubali. Likatokea neno la juu, na chini yake hakuna kitu. Tupu!

Kosa lilikuwa langu. "Vichwa" vyangu vyote vilikuwa maandishi ya kawaida niliyoyakoza na kuyakuza hadi ukubwa wa 16. Mimi nikivitazama naona vichwa. Programu inaona aya kama nyingine, ila imenenepa. Inachosoma ni jina la mtindo wa aya, yaani lebo inayoiambia aya hiyo ni ya aina gani, na aya zangu zote, kuanzia jina la kitabu hadi maelezo ya kuziba pancha, zilikuwa na mtindo mmoja.

Jumamosi mchana

Kupitia kurasa zote kichwa kimoja kimoja sikuwa tayari. Bahati nzuri dirisha la kutafuta na kubadilisha linaweza kutafuta mwonekano, si maneno tu. Nikaliagiza litafute maandishi yaliyokozwa ya ukubwa wa 16, yote kwa mpigo. Yakachaguliwa, nikabonyeza Ctrl+1, na sura zote zikawa Heading 1, yaani kichwa cha ngazi ya kwanza. Nikarudia kwa ukubwa wa 14 na Ctrl+2 kwa vichwa vidogo. Vichwa kadhaa vilibaki na unene niliovipa kwa mkono hata nilipobadilisha mwonekano wa mtindo wenyewe. Hivyo nilivisafisha kwa Ctrl+M, inayofuta mapambo yote ya mkono.

Kubofya kulia juu ya yaliyomo, kusasisha. Kurasa tatu za yaliyomo, namba zote mahali pake. Nilikaa nikizitazama kama mtu aliyepata mtoto.

Jumapili

Furaha ilipungua niliposoma yaliyomo yenyewe. Katikati ya orodha kulikuwa na mistari saba mfululizo: "Kabla ya kupaka mafuta mnyororo, ufute kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa sababu vumbi likichanganyika na mafuta..." na kuendelea. Aya nzima! Nilikuwa nimeikoza zamani kama onyo, kwa ukubwa uleule wa 14, nayo ikaingia kwenye wavu pamoja na vichwa. Ctrl+0 ikairudisha kuwa aya ya kawaida.

Kubwa zaidi ni hili: breki zilitokea mara mbili, sura ya 3 na sura ya 9. Nilikuwa nimeziandika kwa miezi tofauti bila kukumbuka. Kwenye kurasa 143 sikuwahi kuliona. Kwenye orodha ya kurasa tatu lilinikodolea macho. Nikafungua kidirisha cha uabiri, kinachoorodhesha vichwa vyote, kwa F5, nikakamata kichwa cha sura ya 9 na kukiburuta hadi chini ya sura ya 3. Sura nzima ikahama nacho, maandishi na vichwa vyake vidogo. Kwa kweli hii ndiyo imenifurahisha kuliko namba za kurasa.

Jumanne

Rafiki yangu aliomba nakala aihariri kwa Microsoft Word. Akabadilisha "Gia" kuwa "Gia na mnyororo", kisha akanipigia: "Ndugu yangu, hii orodha yako imekwama, inaonyesha jina la zamani." Nikamwambia abofye ndani ya orodha, abonyeze F9. Akabonyeza, bado. Kumbe programu ilipomuuliza alichagua kusasisha namba za kurasa tu. Alipochagua kusasisha orodha nzima, jina jipya likaingia. Nilimsisitizia asirekebishe neno ndani ya orodha yenyewe; arekebishe kwenye kichwa cha sura, maana sasisho linalofuata litafuta alichoandika pale.

Leo pia nimetoa PDF ya majaribio, nikiweka alama kwenye chaguo la kubeba muhtasari wa vichwa. Vichwa vimejipanga pembeni, unabofya unaruka hadi sura unayotaka.

Kesho ni zamu ya orodha ya picha. Nayo hujijenga yenyewe, mradi kila picha iwe na maelezo yaliyoingizwa kwa amri ya programu ya kuingiza maelezo ya picha. Ninazo picha 74, na maelezo yake yote nimeyachapa kwa mkono chini ya picha, kwa italiki.