Chembe ya chuma chini ya vaisi

Kipande chenyewe kilikuwa cha chuma cha kawaida, chenye urefu wa milimita 120, na kazi ilikuwa kusawazisha uso wake wa juu kwa mashine ya milingi, inayokata chuma kwa kikataji kinachozunguka. Nilipokipima baada ya kukitoa, ncha moja ilikuwa nene kuliko nyingine kwa milimita 0.06. Kwa muda wa saa nzima niliilaumu mashine: nilikagua kichwa chake nikidhani kimeinama, nikakaza upya bolti zilizokuwa tayari zimekazwa, nikabadilisha hata kikataji. Hatimaye nilifungua vaisi, kile kibano kinachoshika kipande juu ya meza ya mashine, na kuiinua, nikakuta chini ya ncha yake moja chembe ya chuma iliyobanwa hadi ikawa bapa na kung'aa kama kipande cha kioo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitako cha vaisi yangu kina urefu wa milimita 240, yaani mara mbili ya kile kipande, kwa hiyo chembe ya milimita 0.12 iliyo chini ya ncha moja inatosha kabisa kuleta kosa lile. Huo ni unene unaokaribiana na wa karatasi ya kuandikia. Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu usafi wa meza kuwa kazi ya kufungia siku, naufanya kabla ya kufunga chochote juu yake, kwa kuwa meza ndiyo msingi ambao vipimo vingine vyote vinaanzia.

Uso wa juu wa meza hausumbui sana. Brashi na kitambaa kikavu vinautosha. Kinachosumbua ni ile mifereji yenye umbo la herufi T, ambayo chini ni mipana kuliko mdomo wake, hivyo chembe huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Zikichanganyika na maji ya kupozea na kukaa siku kadhaa, hugandamana kiasi kwamba nati ya kufungia haisogei. Kwa ajili hiyo nilikata bamba jembamba la chuma kwa umbo lilelile la mfereji, dogo kidogo kuliko nafasi yenyewe, nikalikunja mpini, na sasa huliburuta kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Linatoa uchafu mwingi kuliko brashi yoyote niliyowahi kununua.

Hata hivyo, ni afadhali kuuzuia uchafu usiingie. Mwanzoni niliziba mifereji kwa vipande vya mbao, vikanywa maji ya kupozea, vikavimba, nikalazimika kuving'oa kwa nyundo na patasi huku nikiona kutu imeanza chini yake. Sasa ninatumia vipande vya plastiki vilivyokatwa ili viingie kwa kubana kidogo, na pale ninapokata kwa kina natandika pia shuka la mpira kuizunguka vaisi, ambalo mwisho wa kazi hukunjwa na kukung'utwa likiwa na mzigo wake wote.

Upepo wa kompresa situmii kwenye meza, ingawa najua wako mafundi hodari watakaobishana nami. Upepo hauondoi chembe, unazihamisha tu, na mara nyingi huzisukuma chini ya vifutio vya reli ambazo meza huteleza juu yake na kwenye skrubu ya kusogeza meza, mahali ambapo vumbi la chuma cha kalibu likikutana na mafuta hugeuka kuwa kitu cha kusagia. Sitaji macho, kwa sababu chembe inayorushwa haichagui ni nani aliyevaa miwani. Vumbi hilo la chuma cha kalibu, likiwa kavu, hulivuta kwa kifyonza vumbi. Kwa chembe za chuma zilizoanguka sakafuni na kwenye trei hutumia sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili nikiitoa sumaku mfukoni chembe zidondoke. Kwa shaba na alumini, bila shaka, haifui dafu. Sumaku hiyo siigusishi mezani, maana chuma kikishika usumaku hata kidogo, chembe hung'ang'ania hapohapo.

Nyuzi ndefu zilizojisokota sizishiki kwa mkono hata mashine ikiwa imesimama, kwani kingo zake zinakata kama wembe. Nazivuta kwa ndoano.

Baada ya brashi na kitambaa huja kiganja, ambacho nakipitisha polepole juu ya meza, na ninashangaa bado jinsi ngozi inavyotambua kitu ambacho jicho limekipita. Kiganja kikikwama hata baada ya kufuta tena, aghalabu huwa ni kinundu kilichoinuliwa na chembe iliyowahi kubanwa hapo, nami hukisawazisha kwa jiwe la kunolea lenye mafuta, kwa mkono mwepesi, mpaka lisikwaruze tena. Kisha naiweka vaisi na kuisukuma kidogo huku na huku kabla ya kuikaza: juu ya meza safi inateleza kwa ulaini, na penye chembe mkwaruzo wake husikika hadi kwenye vidole.

Jioni naiacha meza na utando mwembamba wa mafuta dhidi ya kutu. Asubuhi utando huo naufuta wote kabla vaisi haijaguswa, kwa sababu usiku kucha umekuwa ukinasa kila kilichoanguka.