Namna Tulivyoitumia Siku ya Kusubiri Ndege Mwanza Tukielekea Kwenye Kitalu cha Uwindaji

Wanaopanga safari ya uwindaji huifikiria kambi, nyayo na nyati, na ni wachache wanaoifikiria siku iliyo katikati, ambayo mgeni ameshashuka kutoka ndege kubwa lakini ndege ndogo ya kumfikisha porini bado haiwezi kuruka. Mimi ni mratibu wa safari katika kampuni ya uwindaji wa kitalii, na makazi yangu ni Ilemela, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Kazi yangu ni kuwapokea wageni wanaotoka Dar es Salaam na kuwavusha hadi kwenye kitalu chetu upande wa Pori la Akiba la Maswa, mkoani Simiyu. Naeleza hapa jinsi tulivyoipitisha siku moja ya kusubiri mwezi wa Novemba, kwa sababu ninaamini kwamba saa hizo zikipangwa vizuri humfaa mwindaji kuliko akizipitisha akisinzia juu ya kiti cha uwanjani.

Chanzo cha kusubiri kilikuwa mvua za vuli. Kiwanja cha ndege cha kambini kwetu ni cha udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu, lakini ukilowa hunata na kumeza tairi. Mwindaji bingwa wetu, yaani mtaalamu anayewaongoza wageni porini, alinipigia simu alfajiri kunijulisha kwamba mvua imenyesha usiku kucha, kwamba wamepitisha gari kwenye njia ya ndege na magurudumu yamezama, na kwamba watajaribu tena saa nane mchana jua likiwa limefanya kazi yake. Wakati huo wageni walikuwa tayari njiani.

Nilianza kuhesabu muda kutoka mwisho kurudi mwanzo, na huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa kila anayekabiliwa na siku ya namna hii. Mwezi wa Novemba jua huzama kwetu karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Viwanja vya porini havina taa, na rubani anapaswa kutua, kushusha watu na mizigo, kisha kurejea Mwanza kungali na mwanga wa kutosha. Safari ya kwenda ni ya chini ya saa moja. Nilikubaliana na rubani kwamba kambi isipotupa ruhusa kabla ya saa kumi kasoro robo alasiri, hatutaruka siku hiyo: wageni watalala kwenye hoteli ya ufukweni Ilemela, na alfajiri tutaamua kati ya ndege na barabara ya Musoma hadi Lamadi, kisha Bariadi. Kusafirisha bunduki kwa gari usiku sikukubali hata kulifikiria. Wageni walipotua saa tatu asubuhi niliwaeleza mpango huo wote papo hapo, pamoja na saa ya mwisho ya kuamua, na niliona jinsi nyuso zao zilivyolegea. Kusubiri kusikojulikana mwisho wake ndiko kunakochosha watu.

Wageni wenyewe walikuwa mzee mmoja wa Kihispania na binti yake mtu mzima, naye pia mwindaji. Walikuwa na bunduki mbili, moja ikiwa ya .375, yaani kipenyo cha mtutu kwa inchi, ambacho ndicho kipimo cha chini kinachokubalika nchini kwetu kwa mnyama kama nyati. Kibali cha kuingiza silaha kwa muda kilikuwa kimeombwa mapema na kampuni, na ukaguzi wa kwanza ulikuwa umefanyika Dar es Salaam. Bunduki zilikuwa kwenye masanduku magumu yenye kufuli, hazina risasi, boliti, yaani chuma cha kufungia risasi ndani ya mtutu, zikiwa zimetolewa; risasi nazo zilikuwa kwenye kisanduku chao, kwa kuwa mashirika ya ndege hayaruhusu zaidi ya kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, tena kwenye mizigo ya chini tu.

Hapa ndipo siku nzima huamuliwa. Mtu mwenye bunduki hana uhuru wa kwenda popote. Hawezi kuziacha ndani ya gari akaenda kula, hawezi kuzipeleka kwenye chumba cha hoteli akafunga mlango na kuondoka, na hawezi kutembea nazo sokoni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha zitunzwe mahali salama, na kwangu palikuwa na mahali salama pamoja tu, yaani polisi. Kabla ya chai na kabla ya kuulizana habari za safari, tulikwenda kuzikabidhi zitunzwe.

Afande aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, makini sana. Alitandika kitambaa mezani, akawasha tochi ndogo na kumulika ubavu wa bunduki pale namba ilipochongwa, kisha akanisogezea kibali.

"Wewe nisomee ya kwenye karatasi, taratibu, moja moja," alisema. "Mimi natazama hapa kwenye chuma."

"Sawa, afande."

Nilisoma tarakimu moja moja naye akaitika kila moja, kisha tukabadilishana, yeye akasoma kwenye chuma nami nikafuatilia kwenye karatasi. Risasi zilihesabiwa mbele ya wenyewe na idadi yake ikaandikwa. "Mgeni wako asaini hapa, na wewe hapa chini yake," aliendelea. "Mkija kuchukua mje wote, nisione mmoja ametumwa." Binti wa mzee aliniuliza kama utaratibu huo ni wa kawaida, na nilimjibu kwa moyo wote kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa maana silaha inayohesabiwa vizuri ndiyo inayomwacha mwenyewe aende zake akiwa na amani. Tulipotoka pale mikono yetu ilikuwa mitupu, na siku ikawa yetu.

Jambo la pili lilikuwa mizigo. Ndege ndogo za porini huruhusu kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, ndani ya begi laini linaloweza kusukumwa kwenye nafasi finyu, ilhali wageni wengi hufika na masanduku ya magurudumu. Nyumbani kwangu nina mizani ya sakafuni kwa ajili hiyo. Tulifungua kila kitu kwenye ukumbi, mke wangu akatuletea chai na maandazi, na nguo za mjini, zawadi na viatu vya ziada vikabaki Mwanza hadi siku ya kurudi. Katika kupanga upya tuliona mambo mawili ambayo yangeleta shida mbele ya safari. Binti alikuwa na koti la mabakamabaka, vazi ambalo wawindaji wa kwao hulivaa bila wasiwasi, lakini hapa kwetu raia haruhusiwi kuvaa kinachofanana na sare za jeshi. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwataka raia waliokuwa na mavazi hayo wayasalimishe ndani ya siku saba. Koti hilo halikutoka tena ndani ya sanduku. Suruali zake nazo zilikuwa za buluu iliyokolea, rangi ambayo huwavuta mbung'o kiasi kwamba mitego ya kuwanasa hushonwa kwa kitambaa cha rangi hiyo hiyo.

Kwa hiyo tuliteremka hadi Mlango Mmoja, kwenye soko la mitumba. Nilimwamkia mama mmoja muuza suruali kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia kwa furaha, kisha akamgeukia mgeni na kumpima kiuno kwa macho tu, bila futi. Alichomoa suruali ya kaki kutoka katikati ya rundo.

"Kaka, hii ni gredi ya kwanza. Usinisikilize mimi, shika mshono mwenyewe."

Niliugeuza mshono wa ndani ya paja, mahali ambapo suruali ya kutembelea porini huchanika kwanza, nikaukuta umepigwa mara mbili na uzi haujalegea. Mifuko ilikuwa mizima. Tulichukua mbili, na bei tuliyoafikiana ilimfaa yeye na sisi.

Baada ya hapo ndipo tulipofikiria matembezi, na katika hili nina msimamo. Mgeni ambaye amekaa kwenye viti vya ndege usiku kucha, na ambaye kesho yake atafuata nyayo za nyati kwa saa nyingi, hahitaji kukaa tena. Anahitaji kutembea, tena akiwa na viatu vile vile atakavyovaa porini. Pombe niliiondoa kabisa kwenye ratiba, kwa kuwa jioni ile ile tungeshika silaha tena na kupanda ndege ndogo. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, tulipapita kwa gari tu, harufu ya dagaa ikiingia dirishani na makongoti wakiwa wamesimama juu ya mapaa. Nilichagua Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane.

Kisiwa hicho kina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 na kipo karibu kabisa na mji, mwendo wa dakika chache kwa boti kutoka upande wa Capri Point. Kilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikapewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa mwindaji anayesubiri sioni mahali panapofaa zaidi. Kuna swala pala wa kuangalia kwa darubini, kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe, furukombe hulia juu ya miti ya ufukweni, na njia zake hupanda na kushuka kwenye miamba kiasi cha kumtoa mtu jasho. Mzee alisimama muda mrefu akimtazama dume mmoja wa swala aliyekuwa nusu nyuma ya kichaka, akijizoeza kutafuta bega lake kupitia kwenye majani, na akaniambia kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuzoea mwanga wa huku.

Faida kubwa zaidi ilitokea tulipokuwa tunashuka. Mzee alianza kuchechemea. Tulimketisha juu ya jiwe na kumvua buti, ambalo lilikuwa jipya, na kisigino chake cha kulia kilikuwa kimekuwa chekundu mahali penye upana wa sarafu, ngozi ikiwa bado haijapasuka. Yangepita matembezi ya siku moja tu ya porini hapo pangekuwa na lengelenge lililopasuka, na siku za uwindaji alizozilipia kwa gharama kubwa zingeishia kambini, mguu ukiwa ndani ya beseni. Tulibandika plasta, na nikakumbuka kwamba buti zake za zamani zilikuwa miongoni mwa vitu tulivyoviacha nyumbani kwa sababu ya uzito. Zilirudishwa kwenye begi, na zile mpya zikachukua nafasi yake sandukuni. Alitaka kuutumbukiza mguu ziwani upoe, nikamwomba asifanye hivyo, kwa sababu maji ya kandokando ya Ziwa Victoria yana konokono wanaoeneza kichocho. Tulitumia maji ya chupa.

Chakula cha mchana kilikuwa sato wa kuchoma na ugali, na hatukukaa sana.

Simu ya kambini iliita saa nane na dakika chache. Gari lilikuwa limepita kwenye njia ya ndege mara mbili, safari hii kwa mwendo wa kasi, na lilikuwa limeacha alama hafifu tu. Nilimpigia rubani, kisha tukarudi nyumbani kuchukua mabegi, kisha polisi tukiwa wote kama tulivyoagizwa. Afande alirudia ukaguzi wake wa namba na hesabu ya risasi kwa makini yale yale ya asubuhi, na muda huo nilikuwa nimeutenga tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha. Rubani alipima mabegi, akawapima na wageni wenyewe, akaamua nani akae wapi. Waliruka kabla ya saa tisa na nusu.

Siku ya kurudi walikuwa tena na saa nyingi mkononi, maana waliletwa Mwanza asubuhi na ndege ya Dar es Salaam ilikuwa ya jioni. Baada ya kukabidhi bunduki nilielekea nao Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, takribani kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma. Sehemu hiyo sikuitia kwenye ratiba ya siku ya kwenda kwa sababu iko upande wa pili wa mji kutoka uwanjani, na simu ya kambini ingeweza kutukuta mbali. Safari ya kurudi haina simu ya kusubiri. Mwenyeji wetu aliwaeleza habari za vyama vya ngoma vya Wasukuma, na mzee akavutiwa hasa na vile vilivyotokana na kazi ya uwindaji: wawindaji wa tembo, wawindaji wa nungunungu waliokuwa wakiingia mashimoni kuwafuata, na mafundi wa nyoka. Aliuliza maswali mengi kuhusu namna mtu anavyoingia na mkuki ndani ya shimo lenye nungunungu aliye hai, naye mwenyeji akapiga magoti sakafuni kumwonyesha.

Niliwaondoa hapo saa nane na nusu. Barabara ya Nyakato hujaa magari kadiri jioni inavyokaribia, na kukabidhi bunduki kwa shirika la ndege huchukua muda mrefu kuliko begi la kawaida, kwa kuwa namba husomwa tena, risasi hupimwa tena, na hati za kuingia na kutoka lazima zilingane.