Mlio wa Vidonge

Mwaka 2015, nikiwa na mimba yangu ya kwanza ya miezi mitano, niliishi mtaa wa Manyatta, Kisumu, pamoja na mama mkwe, aliyetoka Seme kuja kunitunza kwa kuwa mume wangu alifanya kazi Eldoret. Kliniki ilinipa vidonge vya kuongeza damu, kila kimoja kikiwa na miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, nimeze kimoja kila siku hadi nijifungue. Nilivitoa katika mfuko wa plastiki nikavitia kwenye kichupa kitupu, na hapo ndipo nilipokosea, kwani kila nilipokishika usiku vilichakarika, na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia hakina siri.

Usiku wa tatu mama mkwe aliniuliza kutoka upande wa pili wa pazia, "Mwanangu, hizo dawa za kila usiku ni za nini?"

"Ni za damu, mama."

Hakusema neno lingine. Nililala macho nikilijutia jibu langu, maana mtaani kwetu kila mtu alijua kuwa dawa za UKIMWI ndizo humezwa kila siku bila kukosa, tena kutoka kichupa chenye mlio kama ule.

Nikaacha kuzimeza. Hakuna aliyenikataza. Kichefuchefu na choo cheusi nilikuwa nimevizoea, lakini kushukiwa na mama wa mume wangu sikukuweza. Dawa za kuzuia malaria sikuzikosa hata mara moja, kwa sababu hizo nilizimeza kliniki mbele ya muuguzi, tatu kwa pamoja, na habari yake ikaishia pale pale. Jambo la kuchekesha ni kwamba odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito hutafuna na ambayo huuzuia mwili kufyonza chuma, mama aliniletea mwenyewe kutoka soko la Kibuye.

Baada ya wiki nne damu yangu ilipimwa ikawa gramu 8.6 kwa desilita, ilhali mjamzito hutarajiwa asipungue 11. Muuguzi hakunikaripia, aliniuliza ninaishi na nani, kisha akaniambia nirudi naye. Mabango ukutani yalihimiza maini na mboga za kienyeji, wala hakuna hata moja lililouliza swali hilo.

Mama alikuja. Aliketi kwenye benchi asubuhi nzima akitazama wanawake, mmoja baada ya mwingine, akiwemo binti wa jirani yetu, wakipewa vidonge vile vile vyekundu. Ndani ya tuktuk aliuliza tu kama ni kweli kwamba chai huvipunguzia nguvu, na tangu siku hiyo chai ya jioni ikahamishiwa alasiri.

Hofu yake nyingine haikumtoka. Kila jioni, baada ya chakula, alinipa chungwa na kidonge, akisema, "Kimoja tu, mwanangu, mtoto akinenepa sana utapasuliwa." Kichupa alikuwa amekijaza pamba, kwa ajili ya majirani.