Fomu, chaki na mwalo wa Kibirizi

Siku nilipopata habari kwamba nimechaguliwa kusomea udaktari Dar es Salaam, mama alikuwa anaanika dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Nikamweleza: miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Akanyamaza, halafu akauliza, "Nani atakulipia, mwanangu?" Yeye aliishia darasa la saba. Baba hakufika hapo.

Kidato cha sita nilikuwa nimefaulu PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, vizuri. Kilichoniangusha ni fomu. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu yalitaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa na ya kamishna wa viapo. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kuipitia ile fomu pamoja nami, nikaituma ikiwa na ukurasa usio na sahihi ya mdhamini. Majina yalipotoka, langu halikuwamo. Mama akauza cherehani yake, nikapanda treni. Bumu langu la kwanza, yaani fedha ya mkopo, nililipata baada ya rufaa.

Chuoni nilisoma peke yangu usiku kucha. Niliamini kuuliza ni kujianika kuwa sikustahili kuwa pale. Mtihani wa kwanza wa anatomia nikapata 38. Dada mmoja wa mwaka wa nne alinikuta ngazini nalia. Hakunibembeleza. Aliuliza, "Unasoma na nani?" Nikamjibu kwamba nasoma mwenyewe. "Basi leo jioni njoo kwenye diskasheni yetu."

Alinipa mitihani ya miaka ya nyuma, ambayo wenzangu wengi walikuwa nayo tangu wiki ya kwanza kwa sababu kaka au shangazi zao walipita humo. Kisha akanifundisha kueleza jambo kwa Kiswahili kwanza, nikilielewa ndipo nilirudie kwa Kiingereza. Tangu kidato cha kwanza nilikuwa nakariri Kiingereza bila kukifungua! Tukachora neva za mkono kwa chaki sakafuni: mizizi mitano kutoka shingoni, ikiungana kuwa vigogo vitatu, kila kigogo kikigawanyika mara mbili. Siku niliyoweza kumweleza mwenzangu kwa nini mtu aliyevunjika mfupa wa juu wa mkono anaweza kushindwa kuinua kiganja, nilijua kwamba sitadisko, sitaondolewa chuo kwa kufeli.

Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, aliletwa mzee ambaye kila mtu wodini alisema ni mkaidi, hajibu maswali. Nikamwamkia kwa Kiha, lugha ya kwetu Kigoma. Alinishika mkono, akaanza kueleza maumivu yake tangu mwanzo, na maelezo yake ndiyo yaliyotuonyesha pa kuanzia. Nilimpigia mama usiku ule ule.

Sasa nina wanafunzi tisa ninaowashika mkono, wengi wao wa kwanza kwao kufika chuo. Mitihani ya nyuma nawapa siku ya kwanza. Dirisha la mikopo likifunguliwa, Jumapili zangu zote ni za fomu. Juzi alipiga binti mmoja kutoka nyumbani, sauti ya chini.

"Shikamoo dada. Kamishna wa viapo ni nani?"

"Marahaba. Wakili au hakimu. Sasa funua ukurasa wa mdhamini, unisomee kilichoandikwa pale chini."