Nilivyogundua kwamba kompyuta yangu inagawa nyaraka zangu

Kwa muda wa wiki mbili hivi intaneti yangu ilikuwa nzito kila jioni, nami nilidhani tatizo ni la kampuni inayoniunganisha. Usiku mmoja, nikiwa nimekwisha kuacha kazi na sipakui kitu chochote, niliona taa ndogo ya modemu ikiwaka na kuzima kwa kasi, kama inavyofanya mtu anapotazama video. Nilifungua programu ya bure ya kugawana faili, ambayo nilikuwa nimeisakinisha ili nipate nyimbo za zamani, nikaingia kwenye sehemu ya upakiaji, yaani inayoonyesha faili zinazotoka kwangu kwenda kwa wengine, ambayo sikuwahi kuitazama hata siku moja. Humo nilikuta majina ya faili zangu mwenyewe: pasipoti niliyoiskani, taarifa ya benki ya miezi mitatu na barua ya kuomba kazi. Kando ya pasipoti palikuwa na mstari wa kijani uliojaa hadi mwisho, maana yake ni kwamba mtu nisiyemjua alikuwa amekwisha kuichukua nzima.

Kabla ya kufanya lolote nilichomoa waya wa mtandao. Hadi leo naona nilifanya vyema, kwa sababu programu za aina hii mara nyingi hazizimiki mtu anapofunga dirisha lake. Hujibanza kwenye kona ya skrini, karibu na saa, zikaendelea na kazi kimyakimya.

Kisha nilikaa kutafuta chanzo. Katika mitandao hii ya kugawana faili hakuna ghala moja kuu la faili, bali kompyuta ya kila mtumiaji ni ghala la wenzake, na anayechukua naye hutoa. Hilo nililijua kijuujuu, lakini nilidhani ninachotoa ni zile nyimbo tu. Nilipofungua mipangilio niliona kwamba folda iliyoandikwa kuwa ya kugawana haikuwa ya nyimbo, bali ni folda yangu yote ya nyaraka pamoja na kila kilichomo ndani yake. Wakati wa kusakinisha nilikuwa nimebofya “Endelea” ukurasa baada ya ukurasa, na katika mmojawapo palikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya kukubali kabla sijafika. Hakuna mdukuzi aliyevunja mlango. Mlango niliufungua mwenyewe kwa sababu sikusoma, ingawa nasisitiza kwamba aliyeweka alama ile mapema alijua watu wengi hawasomi.

Hata taasisi zenye wataalamu hujikuta pabaya kwa njia hii. Mwezi Februari 2010, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliziarifu karibu taasisi 100 kwamba taarifa za wateja au wafanyakazi wao zilikuwa zikipatikana kwenye mitandao ya kugawana faili.

Kuondoa programu kulikuwa rahisi, ila haikuwa imekuja peke yake. Niliipanga orodha ya programu kwa tarehe ya kusakinishwa, nikaona nyingine mbili zenye tarehe ileile: moja ilikuwa imebadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari changu, na nyingine ilikuwa ikiwaka kila ninapowasha kompyuta. Niliziondoa zote, nikapitisha programu ya kuzuia virusi, ikakamata “wimbo” mmoja ambao kwa kweli ulikuwa faili la exe, yaani programu inayojiendesha ukiifungua. Windows ilikuwa imeficha herufi za mwisho wa jina, kwa hiyo mimi nilikuwa nikiona mp3 tu. Tangu siku hiyo nimeweka mipangilio inayoonyesha jina zima la kila faili.

Nilichokiogopa zaidi ni faili dogo la maandishi nililokuwa nikihifadhia manenosiri. Niliyabadilisha yote kwa kutumia kompyuta nyingine, nikianza na la barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe anaweza kuomba mengine yote yabadilishwe. Niliiarifu benki, nikapewa kadi mpya, kisha nikaomba pasipoti nyingine.

Sijaacha kabisa kugawana faili. Linux, kwa mfano, ambao ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, wanaoutengeneza wenyewe huutoa kihalali kwa BitTorrent, njia mojawapo ya kugawana faili, nami huuchukua kwa njia hiyo, nikijua kwamba kila anayeshiriki faili lile anaweza kuiona anwani yangu ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wangu wa intaneti. Programu ya BitTorrent nimeiweka kwenye kompyuta ya zamani isiyo na hata barua yangu moja, na folda inayogawiwa huifungua kila mara kabla ya kuunganisha waya, nikahakikisha kilichomo ni faili lile moja tu.

Ile pasipoti ya zamani imekwisha kufutwa, lakini picha yangu, jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa ni vilevile, na nakala iliyochukuliwa usiku ule sina namna ya kuirudisha. Kila mwisho wa mwezi naipitia taarifa ya benki mstari kwa mstari.